Walisema Mama wa Kinuni Amesujudu

Uvumi ulinikuta kwa jirani nikimenya vitunguu saumu, na tangu siku ile haukunitoka kichwani. Walisema Maeng Ok-bun, mama wa kinu cha mchele hapa Dolmoru, amesujudu mbele ya meza ya tambiko asubuhi ya Sikukuu ya Mavuno. Tena si habari ya kusimuliwa. Ameonekana kwa macho, akienda chini mpaka sakafuni.

Nyumba nyingi za mji huu zina meza hiyo. Siku ya sikukuu huandaliwa chakula cha wazee waliotangulia, na ukoo mzima husujudu. Hatugombani nao, ni ndugu zetu. Lakini sisi wa kanisani hatusujudu, na wapo bibi zetu waliofukuzwa na waume zao kwa sababu hiyo, wakalala kwenye mabanda ya ng'ombe na watoto mgongoni. Ndiyo maana neno hilo kwetu ni zito.

Na Ok-bun si mtu wa kukaa viti vya nyuma. Yeye ndiye anayepika mikate ya mchele ya kanisa zima. Jina lake lilikuwa limeshabandikwa ukutani, apigiwe kura awe mama mlezi, cheo ambacho kanisa letu humpa mwanamke aliyekomaa katika imani na tabia, akishapewa ni wa maisha.

Mimi nina binti, Bo-ra, aliyeposwa na nyumba yenye meza ya tambiko. Nikawaza, kama Ok-bun amelegea baada ya miaka yote hiyo, huyu wangu atafika wapi? Naandika sasa, mambo yakiwa yamekwisha, ili mama mwingine asipitie njia hiyo akiwa amefumba macho.

Saa kumi alfajiri taa ya kinu imeshawaka. Ok-bun, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, anamimina mchele uliolowa usiku kucha kwenye mashine. Unatoka unga mweupe, wenye unyevu. Anaunyunyizia maji kwa vidole, anafumbata konzi moja, anairusha hewani na kuidaka. Donge likivunjika, anaongeza maji. Likibaki zima, anachekecha.

“Watu wananiuliza kipimo,” anasema. “Nawaambia kipimo ni mkono. Wanadhani naficha.”

Vidole vyake vimelainika kwa maji na mvuke mpaka alama zimefutika. Mwaka jana alipokwenda kubadilisha kitambulisho, karani alimgandamiza kidole kwenye kile kioo mara nyingi, kioo kikakataa kumtambua. Mumewe, Ki Deok-su, anacheka akilikumbuka hilo. “Serikali imesema sina mke,” anasema, huku akipakia trei za mikate kwenye gari dogo la mizigo.

Kazi yenyewe haina utajiri. Kusaga na kupika gunia dogo la kilo nane anatoza elfu arobaini kwa fedha yetu ya won, na humo anatoa umeme, gesi na maharage mekundu ya kutandaza juu. Zamani mji huu ulikuwa na vinu vinne, siku hizi vijana wanakula mikate ya dukani yenye krimu, na kilichobaki ni hiki chake. Lakini amesomesha watoto wawili kwa mvuke huohuo, na hasikiki akilalamika.

Kengele ya sala ya alfajiri ikilia, anapunguza moto, anavua aproni na kwenda. Akirudi ananukia baridi ya alfajiri na mchele.

Katika kanisa letu tunao mchele wa kijiko. Mama akipika wali nyumbani, kabla hajaosha mchele anachota kijiko kimoja kwa kila mtu wa nyumba, anamtaja kwa jina mbele za Mungu, na kukitia mfukoni. Mfuko unapelekwa kanisani. Mchele huo ni wa mchanganyiko, wa zamani na mpya, mgumu na wa kunata, ukiupika wali haukubali. Kwa hiyo unakwenda kwa Ok-bun. Yeye anausaga, anaupika mikate, na mikate inagawiwa kwa wajane na wagonjwa. Ndiyo kusema maombi ya kila jiko la Dolmoru yanapita mikononi mwake.

Ok-bun hakuzaliwa hapa. Aliolewa akitokea ng'ambo ya mlima, kwenye nyumba ya wacha Mungu. Mshenga alipokuja kwa akina Ki aliwaambia binti ni mchapakazi, hana maneno mengi, anapenda kuimba. Hakusema anaimba wapi.

“Mama mkwe alijua siku ya tambiko la kwanza,” anasimulia. “Nilipika kila kitu, nikapanga meza, nikarudi nyuma. Akaniambia, haya, sujudu. Nikamwambia, mama, kupika nitakupikia mpaka nife, lakini kusujudu siwezi. Sahani iliruka.”

Ilimpiga? “Aa, alilenga ukuta. Mama ana shabaha.”

Mama mkwe huyo ni Bibi Tak, mwenye miaka themanini na tisa. Ni mfupi, amejikunja, ana ulimi unaokata kama mundu. Mjini kila mtu anamjua kwa kigari cha mtoto anachokisukuma mbele yake ili kimsaidie kutembea, ndani ameweka mwavuli na soksi za akiba. Si Mkristo na hafichi. Anasema mbingu ya Wakristo haina watu anaowafahamu.

Baada ya miaka ya kununiana, nyumba ile ilifikia mapatano yake. Ok-bun anapika chakula cha tambiko kwa moyo wake wote, wala hapunguzi kitu. Bibi Tak anasujudu peke yake. Deok-su, ambaye naye alikuja kubatizwa, anakaa uani. Mtoto wa kiume akiingia chumba kile asiposujudu ni kumtukana baba yake mbele ya chakula chake, afadhali asiingie.

“Mimi ni mtoto wa mama yangu na mume wa mke wangu,” anasema Deok-su. “Siku hiyo nasugua masufuria. Hakuna mji wenye masufuria yanayong'aa kama yangu.”

Mambo yakaenda hivyo kwa amani mpaka magoti ya Bibi Tak yalipokufa. Hilo watu hawakulijua. Ukumbini, wazee wa mji wanakokutana kucheza karata, alikuwa akijisifu kwamba bado anakwenda chini na kuinuka mwenyewe kama msichana. Ok-bun alimwambia asujudu kwa kuinamisha kichwa tu, amesimama. Bibi akakataa. “Mume wangu hakuoa nguzo,” akasema.

Basi Ok-bun akawa anasimama nyuma yake, anapitisha mikono miwili chini ya makwapa, anamteremsha taratibu mpaka chini, kisha anamwinua. Na mtu akimteremsha mwingine namna hiyo, naye lazima ateremke.

Asubuhi ya Sikukuu ya Mavuno, shemasi Pyo Gye-sun alikwenda kuchukua mikate yake ya nusu mwezi, ile inayopikwa juu ya majani ya msonobari. Alikuta kinu kimefungwa, akazunguka nyuma kwenye lango la nyumba. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Akaona meza, akaona mishumaa, akaona migongo miwili ikishuka pamoja. Akageuka akaondoka bila mikate.

Shemasi Pyo si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Anaimba kwaya, anawaosha wagonjwa, na Ok-bun ni rafiki yake wa tangu ujana. Anasema alilia njia nzima. Ijumaa katika kikundi cha sala alisema tu, tumwombee dada yetu wa kinuni, amepatwa na jaribu. Wakamwuliza jaribu gani. Akasita, kisha akasema.

Wakaomba kwa machozi. Walipotoka hapo kila mmoja alikwenda kuomba na mwenzake mwingine, na huyo mwingine akawa na shangazi, na shangazi akawa na simu. Uvumi wa sokoni mtu anaweza kuubishia. Huu ulikuja umefunga mikono na kufumba macho, nani ataubishia?

Mfuko wa mchele wa kijiko haukuja kinuni Jumamosi ile. Kamati iliupeleka kinu cha mji wa sokoni, ng'ambo ya daraja. Hawakumwambia kwa nini, walisema mashine ya kule ni mpya. Ok-bun alikuwa ameshatandika vitambaa vya mvuke. Akavikunja, akavirudisha kabatini.

“Hapo ndipo nilipojua,” anasema. “Mtu akikusema nyuma husikii. Lakini mchele usipokuja, umesikia.”

Mchungaji alikuja siku mbili baadaye, akaketi juu ya gunia, akapewa kinywaji cha wali kitamu. Ni kijana, ana huruma, alizungukazunguka kwanza. Mwishowe akauliza. Ok-bun akamjibu kwamba hakusujudu. Mchungaji akasema anamwamini, ila yupo mtu aliyeona, na watu wangependa maelezo kabla ya kura. Je, atawaeleza alikuwa akifanya nini pale chini?

Ok-bun akainuka. Alichukua ufagio akafagia unga uliokwisha kufagiliwa.

Nilimwuliza kwa nini hakueleza, maana maneno mawili tu yangemaliza mambo. Alinitazama kama ninayeuliza kwa nini mtu huvaa nguo.

“Mama Bo-ra, nitasimama kanisani niseme mama mkwe wangu hawezi kupiga magoti? Yeye ambaye kila siku ukumbini anajisifu? Magoti ya mama yangu si tangazo la Jumapili.”

Kwa hiyo akanyamaza. Kura ilikuwa inakaribia, na kwa siku zile angeweza kupoteza cheo, mchele wa kanisa na jina lake zima, kwa sababu ya magoti ya mwanamke ambaye ndiye aliyemrushia sahani. Deok-su alitaka kwenda kusema yeye. Mkewe akamkataza, akamwambia akisema ajipikie.

Bibi Tak aliupata uvumi huo kwa njia ya pongezi. Mzee mmoja pale ukumbini alimshika mkono akamwambia hongera sana, tumesikia mkwe wako hatimaye amesujudu, subira yako imelipa. Bibi alikaa kimya mchezo mzima wa karata, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jioni alisukuma kigari chake polepole kurudi nyumbani.

Siku chache baadaye ikawa kumbukumbu ya kifo cha mumewe. Meza ikaandaliwa jua likiwa bado lipo. Ok-bun alipokwenda kusimama nyuma yake kama kawaida, bibi akamwambia toka nje, kaa na mumeo, funga mlango.

“Nikamwambia, mama, utaanguka,” anasema Ok-bun. “Akasema, hata nikianguka, wewe hutakuwepo, hawatakuwa na la kusema. Nikajua amesikia.”

Akatoka. Wakakaa uani, mume na mke, sufuria mikononi. Ndani kukawa kimya, kisha kukasikika kishindo kidogo, kama mfuko wa viazi umewekwa chini. Waliingia wakamkuta bibi amelala ubavu mbele ya meza, mkono umekunjika chini yake, anamnung'unikia marehemu kwamba hata siku yake anamtia aibu.

Nyonga ilisalimika. Kifundo cha mkono kilivimba, daktari akakifunga na kusema ingekuwa nyonga, kwa umri ule, asingeinuka tena. Naomba kila aliyeomba Ijumaa ile alifikirie hilo kidogo.

Ikaja siku ya kabichi. Kila mwaka kabla ya baridi kali, akina mama wa kanisa hukusanyika uwanjani kwa kanisa kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, kwa ajili ya wazee na wajane. Kulikuwa na milima ya kabichi zilizolowa chumvi, mabeseni ya pilipili, turubai la plastiki limetandazwa, nyama ya nguruwe inachemka pembeni. Ok-bun alikuja kama miaka yote. Alipewa kazi ya kusuuza, peke yake bombani. Waliokuwa karibu naye waliongea habari ya hali ya hewa tu.

Ndipo kigari cha mtoto kikaingia langoni.

Bibi Tak hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Alikuja mpaka katikati ya turubai, mkono umefungwa bendeji, akasimama akihema. Mchungaji alikimbia kumletea kiti, naye akakisogeza kwa mguu.

“Nani kati yenu amesema mkwe wangu amesujudu?”

Visu vikanyamaza.

“Nauliza kwa sababu mwenye madai ni mimi. Tangu ameingia kwangu msichana mwenye mashavu, namwomba asujudu mara moja. Nimemlilia. Nimemnunia. Nimegoma kula chakula chake, njaa ikanishinda nikala. Mara moja tu, nife nimetulia. Hajanipa. Leo nakwenda ukumbini naambiwa hongera. Hongera ya nini? Mmemvika mtu sifa ya kitu alichoninyima mimi.”

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa glovu yenye pilipili, akajuta.

Ok-bun alikuwa ameshafika. Akamwambia kwa sauti ya chini, “Mama, twende nyumbani.”

“Nyamaza. Vua hizo glovu. Nishike.”

“Mama, si hapa.”

“Hapahapa. Unanificha kama yai. Nishike, mwanangu, nimechoka kusimama.”

Wanawake waliokuwepo wanasema kwamba hilo neno mwanangu hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Ok-bun akavua glovu. Akasimama nyuma, akapitisha mikono chini ya makwapa. Bibi akageukia kilima alikozikwa mumewe, akainua mikono yake miwili, mzima na wa bendeji, mpaka usawa wa paji la uso. Wakashuka. Migongo miwili, pamoja, polepole, mpaka kichwa cha bibi kikagusa turubai katikati ya majani ya kabichi. Kichwa cha Ok-bun kilikuwa kimelala begani kwa bibi, uso umegeukia pembeni, ameuma meno, kwa maana hakuna namna nyingine ya kuubeba uzito ule.

Mchungaji hakujua atazame wapi. Tambiko kamili lilikuwa limefanyika kwenye uwanja wa kanisa lake.

“Haya, tazameni,” sauti ya Bibi Tak ikatoka chini. “Mwenye kusujudu ni nani, na mwenye kubeba gunia ni nani?”

Shemasi Pyo alikuwa amesimama kando ya beseni la chumvi, nyuma yao. “Ndicho nilichokiona,” akasema. “Ndicho hikihiki.”

Mke wa mchungaji akamwuliza siku ile alikuwa amesimama wapi.

“Langoni. Nyuma yao.” Kisha akasema tena, kama anayejiambia mwenyewe, “Nyuma yao.”

Walihitajika wanawake watatu kumwinua bibi. Alipokwisha kusimama alijikung'uta pilipili kwenye sketi. “Magoti yangu yamekufa. Sasa mmejua wote, mpaka na mbwa wa mchungaji. Mmefurahi?” Hapo tena akakubali kiti. Akadai kiini cha kabichi na kipande cha nyama, akala, akasema chumvi imezidi.

Ok-bun alirudi bombani. Shemasi Pyo akamfuata, akashika kabichi nyingine, wakasuuza bega kwa bega. Waliyosemezana hapo hawakuniambia, nami sikuuliza mara mbili.

Kura ilipigwa Jumapili ya pili yake. Kabla ya karatasi kugawiwa, Ok-bun aliomba kusema, na kwa kuwa si msemaji aliongea akitazama viatu vyake.

“Sitaki mnichague kwa kunionea huruma, wala kwa kudhani yamekwisha,” alisema. “Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi nitapika tena, na nitamshika tena. Mtakayeona vibaya, andikeni hapana, sitawachukia. Mungu wangu aliniambia nimheshimu mama. Sijaona mahali aliposema nimheshimu akiwa amesimama tu.”

Akaketi. Alipata kura za kutosha. Hazikuwa zote, na yeye anasema ni vizuri hazikuwa zote, maana waliokataa walikataa wazi na bado wanamletea mchele. Mfuko wa kijiko umerudi kinuni. Kamati haikueleza kitu, na mashine mpya ya ng'ambo ya daraja haijatajwa tena.

Kuwekwa wakfu ni majira ya kuchipua. Bibi Tak ametangaza kwamba atahudhuria, lakini atakaa karibu na mlango, Mungu asije akadhani amehamia. Anataka pia kuona kama vazi la heshima la siku hiyo litamtosha mkwe wake, maana, kwa maneno yake, amenenepa kwa kuonja unga.

Mgongo wa Ok-bun nao si wa jana. Deok-su alitaka kufunga bomba la chuma ukutani, pale penye meza, mama yake ajishikie. Bibi alilitazama bomba, akasema chuma kina baridi. Mpango uliopo sasa ni mwingine. Shemasi Pyo ameomba Mwaka Mpya aje ashike kwapa la kushoto. Watu wakiwaona wawili, anasema, basi wamseme na yeye.

“Nimemkubalia,” anasema Ok-bun, akifunua kifuniko cha mvuke. “Ila nimemwambia ale kwanza. Bibi ni mzito kuliko anavyoonekana.”

Nilimwuliza nimwambie nini binti yangu. Alikata mkate kwa uzi, akanipa kipande cha pembeni, kile chenye maharage mengi.

“Mwambie ajue mapema atakataa nini. Halafu ajue atakubali nini, na hicho akifanye vizuri kuliko wote. Mimi nilikataa kusujudu, nikakubali kupika. Ukikataa vyote viwili, hiyo si imani, ni uvivu umevaa gauni la Jumapili.”

Na tumaini lake? Anatamani siku moja mama mkwe aingie kanisani apite ule mlango, asogee mpaka viti vya katikati. Anamwombea kila alfajiri. Lakini kumvuta, hapana. “Mtu wa umri ule ukimvuta unamvunja,” anasema. “Nitakuwa nyuma yake tu. Akitaka kwenda, nitamshika.”

Binti yangu ataolewa mwezi wa nne. Bado nina hofu, mama ni mama, lakini sasa nalala. Haya nimemwandikia yeye, na wewe unayesoma ukiwa na binti au mkwe nyumbani, yachukue. Ni ya kuepuka.

Usiseme umeona kama ulikuwa umesimama nyuma.

Usipeleke jina la mtu kwenye kikundi cha sala kabla hujampelekea yeye mwenyewe. Kama huwezi kumwuliza, nyamaza na umwombee ukiwa peke yako.

Usimnyime mtu kazi bila kumwambia kosa lake.

Usimfiche mshenga imani yako, na mshenga asiifiche kwa niaba yako.

Usichukue chakula cha tambiko kama kisingizio cha kumkwepa mama mkwe.

Usiulize mbele ya watu jambo ambalo jibu lake litamvua nguo mtu mwingine.

Usinunue sifa ya ucha Mungu kwa aibu ya mzee wa nyumbani kwako.

Usingoje mzee aanguke ndipo uamini kwamba alikuwa akishikwa.

Na usimwachie mkono akiwa katikati ya kushuka, eti kwa sababu kuna mtu langoni anatazama.